Chumba cha Karibu na Jiko

Kila asubuhi, kabla hajavaa koti la kwendea kazini, Mwanamkasi alifuta madirisha. Alianza na la chumba cha kulala, ambako mumewe Mselem alilala ameegemea mito mitatu, akaenda la ngazini, akamalizia la jikoni. Usiku kucha maji yalitiririka upande wa ndani wa kioo, na chini, penye ubao, yalifanya kidimbwi. Aliyafuta kwa taulo kuukuu la samawati, akalikamua ndooni, akafuta tena. Aliamini Sparkbrook nzima, hapo Birmingham, ilikuwa ikifanya kazi hiyo saa hiyo, maana nyumba zimeshikana ukuta kwa ukuta mtaa mzima na unyevu haubishi hodi. Ilimchukua robo saa. Kwa miaka tisa hakuna aliyewahi kumzuia.

Asubuhi hiyo, mkono ukiwa juu kwenye pembe ya kioo, alihisi taulo linavutwa. Mselem alikuwa amesimama nyuma yake, miguu mitupu, jambo ambalo siku hizi hakulifanya kabla ya saa nne.

"Liache leo," alisema.

"Nikiliacha, maji yataingia ukutani."

"Yaingie. Hatutakuwapo." Akaketi ukingoni mwa kitanda kuingoja pumzi imrudie. Ilirudi kwa filimbi, kama kawaida yake. Kisha akatoa chini ya mto bahasha ya barua ya hospitali na kuigeuza. Nyuma yake alikuwa ameandika majina ya miji mitatu kwa mwandiko wake wa kulala: Ibra, Adam, Sinaw. Mbele ya kila jina palikuwa na safu ya namba.

"Hii asilimia ya unyevu," alisema. "Wiki tatu nimeiangalia kwenye simu, kila siku saa ile ile. Hapa kwetu leo tisini na sita. Sinaw ishirini na nane. Ishirini na nane, Mama Aida. Unaanika nguo, hujamaliza ya pili, ya kwanza imeshakauka."

"Alhamdulillahi," alisema Mwanamkasi.

Mselem alikuwa amefanya kazi miaka ishirini na miwili katika karakana ndogo ya Saltley, akisaga midomo ya mabomba, na vumbi lile lilikuwa limehamia kifuani mwake likakataa kutoka. Daktari alisema mapafu hayatarudi yalivyokuwa, na kwamba kuvu la ukutani linayazidishia. Jangwa hakulitaja. Aliyelitaja ni Amour, mwana wa ami yake Mselem aliyekaa Oman, mji wa Sinaw, pale mchanga unapoanza. Alituma ujumbe wa sauti, sauti yake imejaa simu nzima: "Njoo huku ukaukie, yakhe. Kafili wako, wa kukudhamini kwa serikali, ntakuwa miye."

"Chagua weye," Mselem alimwambia mkewe sasa, akimpa bahasha. "Miji yote mitatu midogo, yote mikavu, na yote ina watu wetu wanaosema Kiswahili. Sitaki baadaye mtu aje aseme nilimburura mke wangu jangwani. Utakaoutaka weye, ndio huo."

Ulikuwa ukarimu, na Mwanamkasi aliutambua. Si waume wengi wangeleta bahasha. Macho yake yalipita jina la kwanza na la pili, yakafika la tatu, yakaondoka haraka.

"Kokote utakapopaona pana kheri," alisema.

"Vyema?"

"Vyema."

Mselem akatabasamu kwa namna ambayo mkewe hakuwa ameiona tangu kiangazi. Huko Mkoani, mji wa kisiwani alikokulia Mwanamkasi, mwanamke hamrushii mumewe hapana usoni, wala mgeni hamrushii mwenyeji wake. Unasema vyema, kisha unanyamaza kidogo, na anayekujua anaangalia ule unyamavu. Mselem alilelewa vivyo hivyo, na ujanani aliujua unyamavu wa mkewe kama anavyoijua njia ya kwao. Siku hizi alikuwa mgonjwa, tena mwenye matumaini, na hakuangalia.

Akalikunja taulo akaliweka kando. Mwanamkasi akaliteremsha jikoni, akaenda kazini akiacha madirisha mabichi.

*

Jikoni kwenye skuli alikopika chakula cha watoto, alivaa kofia ya wavu na beji yenye jina lake lote. Beji ya kwanza waliyompa iliandikwa "Kasi", wakidai jina zima halitaenea. Aliirudisha. Waliandika tena vibaya, akairudisha tena. Mara ya tatu wakaliandika lote, herufi za mwisho zikabanana pembeni kama watu kwenye benchi fupi. Watoto walilisoma bila taabu. "Miss Mwanamkasi, can I have more?" walisema, sahani mbele.

Mwenzake wa meza ya kukatia alikuwa Ubah, Msomali aliyeishi Mombasa miaka mingi kabla ya kuja Birmingham.

"Ati mwaenda jangwani?" Ubah alimuuliza, kisu kikiendelea kukata karoti.

"Nani kakwambia?"

"Aida wako kamwambia Najmo wangu. Dada, mimi jangwa nalikimbia na watoto wawili, mmoja mgongoni mmoja mkononi. Nyinyi mwalifuata na masanduku ya magurudumu. Mna nini nyinyi?"

Mwanamkasi alicheka, na kucheka kulimpa nafuu. "Kifua cha Baba Aida."

"Haya, kifua naelewa." Ubah aliziburura karoti sufuriani. "Nikwambie uzuri wa jangwa? Ni mmoja. Nguo zakauka. Nimemaliza kuhadithia."

"Hata yeye kasema hivyo hivyo."

"Basi kumbe ashajua yote. Na wewe wautaka mji upi?"

"Wenye hospitali."

"Sikuulizi wa hospitali. Wewe, na miguu yako hiyo."

Mwanamkasi alichukua sinia lililoganda mchuzi akaanza kulisugua. Alisugua hata palipokwisha kutakata. "Kuna nyumba huko Sinaw," alisema, "niliwahi kukaa siku kumi na mbili."

"Enhe?"

"Basi. Siku kumi na mbili."

Ubah aliweka kisu chini akamtazama. Lakini kengele ililia, milango ikafunguliwa, na darasa la kwanza likaingia likinusa hewa kujua kuna nini leo.

*

Jumamosi Ibra ilikatwa. Walikuwa watatu mezani: Mselem na bahasha yake, Mwanamkasi na bakuli la mchele wa kuchagua, na Aida, binti yao wa pekee, aliyefanya kazi kwenye duka la dawa na ambaye yeye angebaki Birmingham. Aida alikuwa akiwatafutia habari kwenye kompyuta.

"Ibra ina hospitali nzuri, Baba," Aida alisema. "Lakini kodi ni expensive."

Mselem akapiga mstari. Ikabaki miwili.

"Na Adam?" Mwanamkasi aliuliza, akashangaa kuisikia sauti yake mwenyewe.

"Adam pazuri, tena kavu kupita yote. Ila Adam hatumjui mtu."

"Ndiyo," alisema. "Hatumjui mtu."

Mselem alicheka, kicheko kikageuka kikohozi, kikamchukua muda. "Mtu huhamia kwa watu, Mama Aida. Nikizidiwa nitamgongea nani? Tena Amour ndiye kafili. Kafili awe yeye, halafu sisi tukapange kwa watu baki? Mji mzima utamcheka, ataambiwa kamkataa mwana wa ami yake mlangoni. Nyumba yake ina vyumba saba. Hata kodi hataki." Akamtazama mkewe kwa upole. "Au unasemaje?"

"Vyema," alisema Mwanamkasi, na vidole vyake vikatoa mcheleni kijiwe ambacho hakikuwapo.

Mselem akaikata Adam.

Kisha akamwomba Aida aandike barua ya kumwarifu mwenye nyumba kwamba wanaondoka. Mwenye nyumba alikuwa mtu wa kuja na kopo la rangi nyeupe, akalipaka kuvu jeusi juu kwa juu, na kusema limekwisha. Mkataba ulikuwa kwa majina yao wote wawili, hivyo barua ilikuwa na mistari miwili ya saini. Mselem akatia yake papo hapo. Mwanamkasi alisema mikono yake ina vumbi la mchele.

"Kesho basi," alisema Mselem. "Kesho tukishazungumza na kina Amour."

Akaanza kupanda ngazi kwenda kupumzika. Alipumzika daraja la tano, akapumzika la tisa. Mwanamkasi alimfuata nyuma, kiganja chake kikiwa karibu na mgongo wa mumewe bila kumgusa, maana kumgusa kungemwonesha kwamba anaweza kuanguka. Kila pumzi aliyoivuta mumewe, yeye aliisaidia kwa kifua chake mwenyewe bila kujijua.

Aliporudi chini, Aida alikuwa anakausha sahani.

"Mama, you don't want to go."

"Nani kasema?"

"Uso wako umesema."

"Baba yako atapata kupumua huko."

"And you? Wewe utapumua?"

"Kausha na vikombe," alisema Mwanamkasi.

Alasiri Mselem alitaka sanduku kubwa literemshwe ili wajue kama magurudumu yake bado mazima. Mwanamkasi alilivuta mwenyewe kutoka juu ya kabati. Mkononi mwa sanduku palikuwa bado pamefungwa kile kikaratasi cha uwanja wa ndege, cha miaka kumi na tano nyuma, walipokwenda Sinaw kwenye msiba wa shangazi yake Mselem. Akaketi kitandani nalo.

Alikwenda kule kama mke anayekwenda kwa wakwe zake: na kanga mpya za kugawa, na haya. Mselem na ndugu zake ni watu wa nasaba ya Kiarabu, weupe. Yeye baba yake alikuwa mkata karafuu. Hakuna aliyesema neno kuhusu hilo. Walimpokea, wakamuuliza khabari za safari, na kwa kuwa msiba una kazi nyingi naye hakuwa mwanamke wa kukaa mikono mitupu, akaingia jikoni kusaidia. Hakutoka tena. Kila alipomaliza sufuria, ililetwa nyingine kwa shukrani nyingi. Wanaume walilala barazani kwa Amour. Yeye alitandikiwa chumba cha nje karibu na jiko, pamoja na msichana wa kazi.

Siku ya tatu wanawake wa mjini walikuja kuhani. Mmoja wao, mama mwenye miwani ya dhahabu, alimwonesha kwa kidevu, akamuuliza Zuwena, mke wa Amour, kwa Kiswahili safi kabisa: "Huyu mtumishi mmempata wapi? Mkono wake mzuri. Nitafutieni na miye mmoja."

Zuwena alicheka. "Huyu wa Ulaya huyu," alisema. "Mshahara wake hutauweza." Wakacheka wote, kwa sauti ya chini inayofaa msibani, na mazungumzo yakaenda kwingine.

Mwanamkasi aliendelea kukaanga. Mpaka leo alikuwa hajamwambia mtu. Angeanzaje? Hakutukanwa. Alisifiwa mkono wake.

Alikifungua kile kikaratasi cha uwanja wa ndege, akakikunja, akakitia mfukoni. Magurudumu ya sanduku yalikuwa mazima.

*

Jumapili baada ya sala ya adhuhuri waliisimamisha simu mezani, ikiegemea chupa ya chai. Barua ilikuwa kando yake, na kalamu juu ya barua. Aida alikaa upande ambao kamera haimfikii.

Amour alitokea, kofia kichwani, uso umejaa furaha ya kweli. "Mselem, mwana wa ami. Umekonda ati. Hawakulishi hao Waingereza?"

"Wananilisha mvua," alisema Mselem.

"Njoo huku. Mvua ya mwisho ilinyesha mtoto wangu wa mwisho hajaota meno, na sasa anaendesha gari."

Mselem akacheka mpaka akashika pampu yake ya kifua akavuta mara mbili, na Amour akageuza uso kidogo, kwa adabu, mpaka alipomaliza. Alikuwa mtu mwema. Mwanamkasi hakuwahi kumdhania vingine.

"Yu wapi Bi Mwanamkasi?" Sauti ya Zuwena iliingia, simu ikabadili mikono. "Shoga, njoo nikuone. Masha Allah, hubadiliki. Ngoja nikutembeze, uone tulivyowatengenezea."

Picha ikayumba, ikatoka uani kwenye jua jeupe ambalo liliangaza hata ukuta wa jikoni kwao Sparkbrook. Zuwena alitembea akihema kidogo. "Baba Aida tumemuweka huku ndani, chumba cha wageni, na kiyoyozi kipya. Maana akikohoa usiku, weye hutapata usingizi, na unahitaji kupumzika na weye. Kwa hivyo weye," picha ikapita mlango wa jiko, ikafika kwenye mlango wa bati uliopakwa kijani kibichi, "nimekupakia rangi chumba chako kile kile. Kile ulichokipenda. Msichana tuliye naye sasa mtaratibu, hatakusumbua, kitanda chake kile pale pembeni. Nawe utakuwa karibu na jiko lako."

Vilikuwa vitanda viwili vyembamba, na juu ya kimoja palikuwa na shuka mpya, bado na mikunjo ya dukani.

"Umeona?" Mselem alimnong'oneza mkewe, macho yamelowa. "Wanakukumbuka."

"Ahsante, Bi Zuwena," alisema Mwanamkasi. "Mmetaabika sana."

"Taabu gani. Watu wa nyumbani nyie."

Wakaagana, mara tatu kama ipasavyo, na simu ikazimika. Dirisha la jikoni, ambalo halikufutwa siku nne, lilidondosha tone juu ya ubao, kisha jingine.

Mselem aliisukuma barua mbele yake kwa kidole kimoja. "Haya, Mama Aida. Aida aipeleke kesho mapema."

Mwanamkasi aliichukua kalamu. Akakifungua kifuniko chake, akakifunga. Akaiweka mezani, sambamba na barua.

"Sitii saini," alisema.

"Vipi?"

"Sinaw siendi."

Mselem alimtazama kama mtu aliyeitwa na asiyemjua. "Lakini ulisema vyema. Nimekuuliza mara ngapi? Ulisema vyema."

"Nilisema."

"Basi lini imeacha kuwa vyema?"

"Haijapata kuwa." Akaiweka mikono mapajani. "Siku ya tatu ya msiba wa shangazi yako nilikuwa nakaanga sambusa. Yule mama wa miwani akauliza, huyu mtumishi mmempata wapi."

"Mama Aida, hayo—"

"Niache nimalize. Nikikatika sitaanza tena." Alivuta pumzi. "Akauliza, Zuwena akacheka, akasema mshahara wangu hawatauweza. Hilo nililisamehe siku ile ile. Zuwena hakunizaa, hakunioa. Lakini wewe ulikuwa mlangoni, Mselem. Ulikuwa umebeba katoni ya maji. Niliyaona makubadhi yako chini ya pazia. Uliiweka katoni chini polepole, ili isitoe sauti, ukarudi ulikotoka."

Aida alikuwa amesimama. Hakuna aliyemtazama.

Mselem alifungua kinywa, pumzi ikakataa. Alitafuta pampu, mkono ukaipita, na Mwanamkasi, kwa mazoea tu, akaisogeza hadi kwenye vidole vyake. Mselem hakuivuta. Aliishika.

"Nilidhani hukuniona," alisema mwishowe.

Mwanamkasi alitikisa kichwa polepole. Machozi yalimjia, na aliyaacha yapite.

"Miaka kumi na tano," alisema Mselem, akikata maneno kwa pumzi, "nimemuomba Mungu uwe hukuniona."

"Nilikuona."

"Palikuwa na watu wengi. Ulikuwa msiba. Nilisema, nitamwambia Zuwena baadaye, kwa siri, kwa uzuri. Halafu baadaye..." Akaiangalia bahasha yake, Ibra imekatwa, Adam imekatwa. "Sasa kafili ni Amour. Bila ya yeye hakuna jangwa. Unalijua hilo."

"Nalijua. Toka juzi silali kwa kulijua." Sauti yake ilikuwa ya chini, lakini haikuyumba tena. "Ningekufuata Adam. Ningekufuata mchangani pasipo na nyumba hata moja, nikakupikia juu ya mawe. Nataka upumue, Mselem. Kila unapopanda ngazi nakufa mara mbili. Ila mlango ule wa kijani siingii tena. Nikiingia safari hii sitatoka baada ya siku kumi na mbili. Nitafia humo, na watakaokuja kuhani watauliza kama ninyi mmeshapata mtumishi mwingine."

Nje basi la kwenda Stratford Road lilipita, vioo vikatikisika, na matone yakakimbia yote kwa pamoja. Mselem aliyatazama. Alinyoosha mkono akachukua lile taulo la samawati lililokunjwa tangu Alhamisi, akainuka, akajaribu kufuta. Mkono wake ulifika katikati ya kioo tu. Juu hakuweza. Akasimama hapo, paji la uso likiwa karibu na kioo, mabega yakipanda na kushuka.

"Ungetaka ningesema nini?" aliuliza, bila kugeuka.

"Unajua mwenyewe."

"Ningesema nini, Mwanamkasi?"

Hakuwa amemwita kwa jina lake tangu Aida alipozaliwa. Mwanamkasi alinyamaza ule unyamavu wa zamani, na safari hii mumewe aliuangalia.

Mselem aligeuka, taulo likimdondokea maji miguuni. Alivuta pumzi moja, haikutosha. Akavuta ya pili. Kisha akanyoosha mkono kumwonesha mkewe, kama mtu anayemtambulisha mgeni mbele ya baraza lililojaa.

"Huyu ni mke wangu," alisema, akimwambia Aida, kwa kuwa hapakuwa na mtu mwingine wa kumwambia.